Risasi za Marehemu

Mkolani, Mwanza
12 Februari 2024

Mdogo wangu mpendwa Rebeka,

Bwana asifiwe. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako na ule mguu unaokusumbua wakati wa mvua. Sisi huku tunaendelea kwa neema. Wifi yako Sabina presha imeshuka tangu aache chumvi, ila sasa chakula chake unakula kwa imani. Favour matokeo ya kidato cha nne yametoka, amepata daraja la pili. Nilipiga magoti pale pale kibandani, mteja akadhani nimedondosha kitu, akainama kunisaidia kutafuta.

Ananicheka, huyo Favour. "Baba, mwandikie shangazi meseji basi, barua za nini?" Nikamwambia shangazi yako hasikii simu tangu ile homa ya uti wa mgongo, na meseji kwake ni chakula cha kuonja. Anataka sahani.

Sasa nikuambie jambo langu, na usicheke. Nimeanza kutengeneza tyubu ya televisheni. Simaanishi kurekebisha iliyokufa. Naitengeneza yenyewe, tangu mwanzo, kwa mikono hii. Unajua miaka thelathini nimekula kwa televisheni za kichogo. Leo watu wanabandika bapa ukutani, ikifa wanatupa. Nimebaki na bisibisi mkononi kama mchungaji asiye na waumini. Nikasema, Zadok, umefungua mamia kwa mamia na hujawahi kujua mle ndani kunatokea nini.

Ni chupa tu. Nimepata ya maabara, nene, tumbo pana na shingo ndefu. Pampu ya kunyonya hewa niliifuata Geita, nikavuka nayo kivuko cha Busisi nimeipakata kama mtoto. Unanyonya hewa hadi ndani panabaki patupu kabisa. Shingoni unaweka kipande cha chuma kinachorusha umeme, na hicho sisi mafundi tunakiita bunduki. Bunduki inapiga, umeme unagonga kitako cha chupa nilikopaka unga mweupe wa taa za mirija, na pale unapogonga panang'aa kijani. Ukiunganisha na redio, ule mwanga unacheza kwa kufuata sauti. Sauti inaonekana, Rebeka. Kwa macho.

Chupa ya kwanza imepasuka. Hii haipasuki kama chupa ya soda. Inajimeza kwanza, halafu vipande vinapishana katikati na kutokea upande wa pili. Kimoja kilinichana shavu hadi jino likaonekana, nimeshonwa nyuzi tisa. Na Jumatano waya mwekundu ulinigusa, ukanitupa ukutani. Nilipozinduka Sabina alikuwa ananiombea kwa sauti ya kufukuza mbwa. Mtu mwenye moyo dhaifu asingeamka.

Mwaka jana uliniandikia kwamba sura ya mama unaikumbuka lakini sauti yake imekutoka, ukiitafuta kichwani hupati kitu. Sikukujibu. Nimeamua kukujibu kwa mikono.

Kaka yako,
Zadok


Nyamwala
3 Machi 2024

Kaka Zadok,

Shikamoo. Na wifi Sabina mpe salamu zangu, mwambie chumvi kidogo haimkatazi mtu mbingu. Favour nampongeza sana. Mimi mzima. Mbuzi ana mimba, mahindi yameota vizuri isipokuwa upande wa mawe.

Barua yako nilimsomea Yeremia. Bado ananipasulia kuni bila kuombwa, anasema ndiyo ada anayomlipa marehemu mume wangu Nestory kwa kumfundisha ufundi wa redio. Aliposikia habari ya bunduki ndani ya chupa alicheka hadi akakaa chini. Yule ndiye namsoma midomo vizuri kuliko watu wote hapa, maana hana meno mawili ya mbele na haharakishi neno. Aliniambia, "Mama Rebeka, kaka yako akifaulu nitampigia saluti. Akifa, nitamrithi pampu."

Kaka, ziwani kumeharibika. Wale wanaoiba injini za mitumbwi sasa wana silaha. Jumanne asubuhi waliwakuta vijana watatu wa kwetu wanatega nyavu, wakawapiga risasi, wakaondoka na injini. Mmoja ni Ojwang, mtoto wa shemeji Obedi. Waliletwa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, juu ya turubai la dagaa. Ojwang alikuwa na tundu dogo kifuani ambalo kidole changu kingeziba, na mgongoni palikuwa pakubwa kama bakuli. Mimi na mama yake ndio tulimwosha. Maji yalikuwa yanaingia mbele yanatokea nyuma.

Obedi hakulia. Alikaa chini anachonga fimbo kwa kisu, akaichonga hadi ikaisha, akachukua nyingine.

Sasa sungusungu wanapita nyumba kwa nyumba, kamanda wao ni Mashimba, yule aliyehamia kutoka Usukumani. Obedi anazunguka nao. Anasema mtu mwenye bunduki ziwani lazima ana mwenzake kijijini wa kumtunzia risasi. Anatazama watu machoni muda mrefu. Hata mimi alinitazama, na mimi ni mke wa marehemu kaka yake.

Usiniulize kama naogopa. Watu wakipiga kelele mimi ndiye wa mwisho kujua.

Mdogo wako,
Rebeka


Mkolani
26 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni sana kwa Ojwang, nimemwombea Obedi kwa jina. Naandika nimesimama stendi, dereva wa basi ananipigia honi, nisamehe.

Neno langu ni hili. Bunduki iko tayari, nimeijaribu na inapiga vizuri. Nimekwama kwenye risasi tu. Za dukani siku hizi ni bandia, hazishiki. Zile risasi za marehemu Nestory bado ziko kwenye sanduku chini ya kitanda chako? Nitumie zote. Mpe Yeremia azifungashe, yeye anajua. Nataka nije nayo wakati wa makambi ya kanisa, watu wakiwa wamekaa pamoja, ndipo niifungue mbele yao. Usimwambie mtu, nataka iwe ghafla.

Kaseti ya mama ninayo, ile aliyoirekodi Nestory siku ya harusi yenu. Nimeisikiliza jana. Mama anaanzisha wimbo, na nyuma kuna besi moja nzito, nikashtuka, kumbe ni Yeremia akiwa kijana. Utawaona wote wawili. Jiandae na leso.

Zadok


Mkolani
19 Mei 2024

Rebeka mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu ya Yeremia imezimwa, ya Obedi inaita haipokelewi. Sabina ananiambia ni mvua, barabara imekatika. Nimekubali kwa mdomo.

Nimeshaona mwanga. Tone la kijani, dogo kama jicho la paka kwenye giza. Lilikaa dakika mbili, halafu nyaya zikaachia, kwa sababu ya hizi risasi mbovu za dukani. Nilitaka kumwambia mtu, nikagundua mtu niliyetaka kumwambia ni wewe.

Niandikie hata mstari mmoja.

Zadok


Nyamwala
11 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Usishangae mwandiko. Naandika kwa kushoto. Niliteleza kwenye mawe ya mwaloni nikaangukia mkono.

Mbuzi amezaa mapacha.

Yeremia amelala mwezi wa nne. Ilikuwa ghafla. Getruda mjane wake yuko kwangu, tunakaa wote.

Risasi ulizoagiza usizingoje. Mwaka huu usije makambini. Na barua usipitishe tena kwenye basi.

Rebeka


Mkolani
2 Julai 2024

Rebeka,

Barua hii anakuletea Odeta wa kanisa letu, anakwenda kumwona binti yake huko. Mkabidhi jibu mkononi mwake.

Ingawa ulinikataza, nilikwenda stendi na barua yangu kama kawaida. Kondakta akarudisha mikono nyuma.

"Mzee Zadok, hii siibebi."

"Kwa nini? Nauli si hii hapa?"

"Si nauli, mzee. Wewe si ndiye wa bunduki?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Abiria mmoja mama akasogeza mtoto wake kutoka kwangu.

"Kule Nyamwala mtu ameuawa kwa barua uliyonipa mwenyewe, nikaipeleka kwa mkono huu. Nina watoto, mzee. Nenda na Mungu wako."

Nimekaa kwenye jiwe la stendi hadi jua likanichoma utosi. Nimekumbuka nilichoandika. Nimekirudia neno kwa neno, na kila neno limegeuka likanitazama. Bunduki. Risasi. Chini ya kitanda. Watu wakiwa wamekaa pamoja. Usimwambie mtu. Mimi niliandika hayo! Mkono huu huu, nikiwa nacheka, honi inalia.

Yeremia hakulala. Na wewe hukuteleza. Mkono wako una nini?

Nitajie majina. Unajua mimi ni shemasi, unajua sijampiga hata mke. Lakini siku tatu hizi nasali zaburi za laana tu, nyingine hazipandi mdomoni. Jana nilinoa bisibisi kwenye jiwe hadi Sabina akaja akaniuliza nanoa ya nini, nikaendelea kunoa. Wamemuua mtu kwa bunduki ambayo haipo. Wanastahili walau wajue iliyopo inafananaje.

Majina, Rebeka.

Zadok


Nyamwala
15 Julai 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Odeta amefika salama, amekula hapa ugali na sato, amenisubiri siku mbili nimalize barua hii, maana kushoto kunachoka upesi.

Sikutaka ujue kwa sababu neno lilikuwa lako. Sasa unajua nusu, na nusu inaua kuliko nzima. Soma ukiwa umekaa.

Barua yako ilishukia kwa Agutu, yule binti wa kibanda cha vocha anayepokea vifurushi vya basi. Akaiweka juu ya ndoo ya samaki, ikalowa. Mtoto mwema, hakutaka nipate barua iliyooza, akaifungua akaitandaza juani kwenye chanja cha dagaa na vijiwe vinne pembeni. Wino wa chini ulishayeyuka, habari ya mama na kaseti ikawa bluu tupu. Ya juu ilisomeka. Obedi akapita kwenda kutazama nyavu.

Anasoma vizuri, Obedi. Yeye ndiye husoma matangazo kanisani.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, nasugua sufuria, mlango uko mgongoni. Nilijua kuna watu kwa sababu kuku walipita mbio katikati ya miguu yangu. Nilipogeuka nyumba ilikuwa imejaa. Kitanda kilikuwa kimeshapinduliwa. Mashimba ameshika sanduku la Nestory, ananipigia kelele usoni, mate yananigusa. Yule ana ndevu, midomo nusu imefunikwa. Nilikamata neno moja tu, risasi.

Kaka, mimi nilitabasamu. Nilidhani umewatuma. Nikasema kwa sauti, "Ndiyo, ni za marehemu, kaka yangu ameziagiza, anazo kazi nazo."

Unaona? Si wewe peke yako.

Walinishika wanne, wakaweka mkono wangu wa kulia juu ya jiwe la kusagia. Mashimba akachukua mchi. Anauliza, mimi simsomi, anapiga. Anauliza tena, anapiga. Walianza na kidole kidogo. Nilikuwa namwambia nyoa ndevu, nyoa ndevu nikusikie, na wao wakadhani nawatukana. Cha nne kilipovunjika nilijikojolea. Walikuwa wamefungua sanduku na ndani mlikuwa na waya laini wa rangi ya fedha, ile risasi ya kuunganishia nyaya za redio, umeviringishwa viringo vitano, basi. Hawakuutazama. Walikuwa wanatafuta kitu kingine, na mtu anayetafuta kitu kingine haoni kilicho mkononi.

Ndipo Yeremia akaja anakimbia, na shoka la kuni bado lipo begani. Alilitupa chini alipoona watu, nashuhudia mbele za Mungu, alilitupa mbali. Akasimama mlangoni na mikono juu. Niliona midomo yake vizuri, neno kwa neno, kama siku zote.

"Risasi zipo! Hata mimi ninazo, hizi hapa!"

Akaingiza mkono mfukoni awaonyeshe.

Obedi alikuwa karibu naye kuliko wote. Panga lilishuka kwenye kiwiko cha mkono, na mkono ukaanguka pale kizingitini ukiwa umeshika kiringo cha ule waya. Wote waliuona. Kaka, hapo ndipo nilipojifunza dunia. Nilidhani wataacha. Walipoona wamekosea ndipo walipoongeza, kana kwamba wakimpiga vya kutosha atageuka kuwa jambazi kweli. Rungu, panga, jiwe, hata shoka lake mwenyewe. Damu yake iliingia kwenye sufuria niliyokuwa nasugua. Midomo yake ilisema "redio" mara mbili. Watu thelathini wenye masikio hawakusikia. Niliyesikia ni mimi kiziwi.

Na mimi nilikaa. Walikuwa wameshaniachia, kaka. Nilikuwa huru kusimama, nikakaa.

Polisi walichukua Mashimba na wanne. Obedi hakutajwa, maana wa kumtaja wote walipiga. Mimi niliulizwa maneno yaliyosemwa. Niliposema, aliyekuwa anaandika akanitazama, akaandika kwamba shahidi hasikii.

Sasa Obedi kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, ananiletea ndoo mbili za maji. Anaziweka, anakaa kwenye jiwe la kusagia, hasemi, anaondoka. Sijamsamehe, wala sijamfukuza. Maji nayatumia.

Haya ndiyo majina uliyoyataka. Nimekupa ili uyabebe pamoja nami, si uyatumie.

Rebeka


Mkolani
6 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na Bwana asifiwe sana. Nimekusoma. Nimelia, nimefunga, sasa nimetulia. Usiwe na wasiwasi nami tena. Sabina mzima, Favour amekwenda kidato cha tano huko Tabora, nyumba imekuwa kubwa.

Nimeamua kuja makambini hata kama umenikataza. Kaseti ya mama na Yeremia haina haki ya kukaa kimya. Nitawaonyesha nyumbani kwako, si kanisani, watu wachache tu. Wewe, Getruda, na Obedi akipenda. Mwambie namkaribisha. Jenereta la kanisa tutaazima.

Chupa hii ya tano ni nzuri. Nimebadilisha transfoma, niliyoweka sasa ni ya nguvu zaidi. Obedi atakuwepo siku hizo, hajasafiri? Nakumbuka zamani alilazwa kwa ajili ya moyo. Bado unamsumbua? Naulizia kwa sababu ya kumwombea tu.

Nitafika tarehe ishirini na mbili. Hakikisha Obedi anajua.

Kaka yako,
Zadok


Nyamwala
1 Septemba 2024

Kaka Zadok,

Shikamoo. Anayeandika ni Getruda, mimi nasema. Mkono wa kushoto nao una bandeji. Ameniuliza kama kweli aandike yote nitakayosema, nimemwambia andika. Mbuzi wote wazima. Mapacha wamejifunza kula kanga zangu.

Uliondoka bila kuaga, hata chai hukunywa. Nikuambie nilichokiona, kisha tumalize.

Mchana ule tulipoziba madirisha kwa mablanketi na jenereta likaanza kutetemesha sakafu, niliogopa ile chupa. Inatoa harufu ya radi. Halafu likatokea lile tone. Ukabonyeza kaseti, nami nikaona mama.

Kaka, mama ni mwembamba. Anapanda polepole, anakaa juu, anashuka kama mtu anayeshuka na mtungi. Palikuwa na mahali mstari unanyooka kabisa, nikakutazama, ukasema, "Hapo anavuta pumzi." Nikaweka kidole kwenye kioo juu ya pumzi ya mama. Nilikuwa nimesahau kwamba anavuta pumzi katikati ya ubeti kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta sauti, kumbe ningetafuta pumzi.

Ukasema, "Sasa anaingia Yeremia." Mstari ukanenepa, ukatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Getruda akajishika mdomo. Obedi akapiga magoti pale sakafuni, mahali pale pale, na mabega yakaanza kumruka. Ni mara ya kwanza kumwona analia, kwa Ojwang hakulia.

Wewe hukuwa unatazama mstari. Ulikuwa unamtazama yeye.

Ukamgeukia, na ule mwanga wa kijani ulikuwa umekuangukia mdomoni tu, kama umewekwa nikusome. Ukasema, "Shemeji, sogea. Shika hapa uone vizuri."

Kabla ya hapo, kaka, tangu ulipofika hukumwita Obedi shemeji hata mara moja. Ulimwita yeye, au huyo, au ukamwelekeza kwa kidevu. Ulipomwita shemeji nikajua. Barua yako ilikuwa imemtaja mara tatu na moyo wake mara moja. Nikatazama pale ulipomwonyesha, upande wa kulia, nikaona waya mwekundu umemenywa kama muhogo. Uliniandikia wewe mwenyewe kwamba mwenye moyo dhaifu asingeamka. Na Obedi akainua mkono, ule ule ulioshika panga, kwa utiifu, kama mtoto anayepokea mkate.

Neno lilipokuwa midomoni mwa Yeremia nililiona, nikakaa. Safari hii sikukaa.

Nilipiga meza teke kwa mguu mbovu na kumsukuma Obedi kwa bega. Chupa ilijimeza kama ulivyosema. Vipande vilipita, kimoja kikakaa kwenye paji la Obedi, kimoja shingoni mwako, na mkono wangu wa kushoto umetobolewa hadi upande wa pili, nyuzi kumi na nne, nimekupita kwa tano. Nilikuona umesimama gizani unavuja damu, unasema neno moja tena na tena. Sikulisoma, giza. Nadhani ni jina la Mungu. Kama lilikuwa jingine usiniambie.

Obedi anadhani ni ajali. Anasema Bwana amemtoa tone la damu kwa ajili ya ile aliyoimwaga. Bado analeta maji, na kitambaa kichwani. Juzi alikaa kwenye jiwe akasema kwa mara ya kwanza, taratibu, nimsome. Atakwenda mwenyewe kituoni kujitaja. Nikamwuliza lini. Akasema baada ya kuvuna, mahindi ya mke wake yasiharibike. Nitahesabu siku. Kama hakwenda, nitampeleka kwa mkono huu uliobaki, na safari hii wataandika kwamba shahidi aliona.

Getruda amesimamisha kalamu. Anasema yeye angekuacha umalize. Nimemwambia aandike na hilo pia, ni haki yake. Ameliandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine, utaona.

Sijakasirika nawe. Nakuogopa kidogo, kama unavyoogopa mbwa wako mwenyewe siku aliyong'ata mtu. Tubu kwa anayepaswa kuisikia toba yako, mimi masikio sina.

Ila mama nilimwona kwa dakika mbili tu, na ubeti wa pili sikuufikia. Tengeneza nyingine. Transfoma ile ya nguvu itupe ziwani, rudisha ya zamani, na waya mwekundu uufunike mpaka mwisho. Na nyaya zako zisiachie tena, polisi wamenirudishia sanduku la Nestory, hawakuona la kufanya nalo. Viringo vitano viko ndani. Cha sita tulimzika nacho Yeremia, hatukuweza kumfungua vidole.

Njoo uzichukue mwenyewe, mchana, kupitia mbele ya watu wote. Wakikuuliza mwaloni unafuata nini, waambie bila kupunguza neno. Nami nitasimama mlangoni kwangu nikujibu kwa sauti, mpaka Agutu asikie kibandani kwake.

Risasi zipo.

Mdogo wako,
Rebeka